Upepo umeezua nyumba ya jirani yetu huku Mambrui: tuijenge vipi isiezuliwe tena?

Mkaazi_Mambrui (mwenye uzi)

Hamjambo jamani. Nipo Mambrui, ng'ambo ya Sabaki ukitoka Malindi mjini. Mvua ilianza usiku kama masika ya kila mwaka, alfajiri ukashuka upepo wa baharini ukaangusha minazi. Nyumba kadhaa zimeezuliwa sehemu, lakini ya mama mmoja jirani yetu imekwisha: paa lote limeondoka, na ukuta wa upande wa kusi umelowa mpaka ukalala chini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Mama huyu ni mjane. Ana watoto wanne wa shule na mama mkwe ambaye hawezi kutembea vizuri. Riziki yake ni kushona makuti na kuuza mboga kidogo. Kwa sasa watoto wamegawanywa kwa majirani, bibi yuko kwetu. Vijana wa mtaa wako tayari kufanya kazi bila malipo, na watu wameanza kuniuliza watume pesa wapi. Kabla sijapokea shilingi ya mtu nataka ushauri: tujenge nini, kwa vifaa gani, na pesa zishikwe vipi? Mafundi karibuni sana.

Picha za watoto sitaweka. Mama amekataa, na mimi nakubaliana naye.

Kusi_na_Kaskazi

Poleni sana. Hicho kilikuwa kimbunga au nini?

Mkaazi_Mambrui

Si kimbunga, ni dhoruba ya mvua tu. Lakini ukilala chini ya paa linaloondoka hutauliza jina lake.

Bwana_Mafia

Wakuu, mie naandika kutoka kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kimbunga Hidaya kilitua kwetu tarehe 4 Mei 2024, kwa hiyo habari ya mapaa naijua. Nyie Malindi mko kama nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na vimbunga kwa kawaida havijengeki karibu hivyo na ikweta kwa sababu hapo mzunguko wa dunia hauupindishi upepo vya kutosha. Sisi tuko karibu nyuzi 8. Lakini paa halihitaji kimbunga ili ling'oke. Mbubujiko mmoja wa upepo wa mvua unatosha kama halijafungwa.

Jambo moja nililoliona kwetu: mapaa mengi yalianza kuachia ukingoni na pembeni, ndipo upepo ukaingia chini na kumalizia.

FundiPaa_Malindi

Bwana Mafia umesema kweli. Mwenye uzi, kabla ya mtu yeyote kutaja mabati au mawe, nenda ukatazame uniambie: nguzo zimesimama au zimeng'oka? Makombamoyo, ile miti ya mshazari inayobeba paa, yamevunjika au yamechomoka mazima? Na yalikuwa yamefungwa kwa nini?

Mkaazi_Mambrui

Nimetoka huko sasa hivi. Nguzo nyingi zimesimama, mbili zimeoza usawa wa ardhi. Makombamoyo hayakuvunjika, yamechomoka. Yalifungwa kwa kamba ya makonge, na kwingine msumari mmoja mmoja.

FundiPaa_Malindi

Basi jibu unalo. Miti haikushindwa, kilichoshindwa ni vifungo. Kamba ya makonge ikilowa na kukauka miaka kadhaa inakuwa unga. Na msumari mmoja uliopigwa kutoka juu haushiki kitu kinachovutwa kwenda juu, unachomoka nacho.

Watu hudhani upepo unasukuma nyumba kutoka ubavuni tu. Unapopita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ule unaoingia kupitia mlango, dirisha au uwazi chini ya paa unalisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo paa linatakiwa kufungwa kwenda CHINI, kiungo kwa kiungo, hadi ardhini: bati au makuti kwenye pau (miti ya kulala juu ya makombamoyo), pau kwenye kombamoyo, kombamoyo kwenye mtambaapanya (mti wa kulala juu ya ukuta), mtambaapanya kwenye nguzo, nguzo kwenye ardhi. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, vyote vilivyo juu yake vinaondoka pamoja. Ndivyo ilivyokuwa hapo.

Ughaibuni_Doha

Assalamu alaykum. Mimi ni mtoto wa Malindi, niko kazini Doha. Kwa nini tunazungumzia kamba? Tumchangie mama nyumba ya mawe yaishe. Mawe ya timboni yako tele Kilifi nzima, simenti ipo. Naweza kuanza na mchango wangu leo, na hapa kwetu tuko kundi zima la Wapwani. Kila mwaka tunarudia nyumba za udongo, kila masika tunalia.

Mama_Shela

Allah akujaze kheri, mwanangu. Lakini swali la kwanza halijaulizwa: ardhi ni ya nani?

Mkaazi_Mambrui

Asante mama. Ardhi si yao. Baba wa marehemu mumewe alipewa mahali pa kujenga zamani sana, na wanalipa kodi ya kiwanja. Mwenye hati alikuwa anakaa Mombasa, na siku hizi wanaokuja kukusanya ni watoto wake, warithi.

Mama_Shela

Nilijua. Pwani hii mtu anaweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi, na wengi wetu ndivyo tulivyo. Tangu mkoloni alipoleta sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliojiandikisha wakapata na wasiojiandikisha wajukuu wao ndio hawa wanaoitwa maskwota. Sasa sikiliza, mwanangu wa Doha. Nyumba ya miti na bati ukiambiwa uhame, unafungua unaondoka nayo. Ya mawe utaiacha. Na warithi wakiona msingi wa mawe unachimbwa ndipo wanakumbuka kwamba wana shamba Mambrui! Niliyaona kwa macho yangu hapa mjini: familia ilijengewa nyumba nzuri na watu wema, ukatokea ugomvi ambao haukuwapo wakati walipokuwa kwenye kibanda.

Ughaibuni_Doha

Hilo sikulifikiria, mama. Kwa hiyo tuseme nini, maskini asijengewe cha kudumu?

Wakili_wa_Mtaa

Si hivyo, kaka. Kuna njia ya katikati. Mwenye uzi aende na mzee wa mtaa kwa hao warithi, au awapigie simu, aombe ruhusa ya kujenga upya nyumba ileile mahali palepale. Wakikubali iandikwe karatasi, isainiwe mbele ya chifu na mashahidi, na mama abaki na nakala yake. Risiti zote za kodi ya kiwanja ziwekwe pamoja nayo, na kama zimelowa zianikwe kivulini, zisitupwe. Kuhusu mawe, kuyaweka bila ruhusa ya maandishi nisingemshauri mtu.

Tena, kama kitambulisho chake kimepotea kwenye maji aende ofisi ya usajili wa watu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia vitazamwe mapema. Vikikosekana vinakuja kusumbua wakati wa kuandikishwa mitihani.

Dada_Gongoni

Mimi nauliza kwa upole: kuna aliyemuuliza mama mwenyewe anataka nini?

Kusi_na_Kaskazi

😄 Dada katupiga wote.

Mkaazi_Mambrui

Nimekwenda kumuuliza jioni hii. Jibu lake litawashangaza wengine. Anataka mabati. Nikamwambia, wewe si ndiye mshona makuti? Akanijibu, "Ndiyo maana."

Anasema amechoka. Makuti akishona anataka ayauze apate unga, si ayapandishe juu ya nyumba yake kila baada ya miaka michache. Anaogopa moto, kwa sababu jikoni ni karibu. Na kubwa kuliko yote ni maji. Kisima chao kina chumvi, kwa hiyo ya kunywa hununua kwa mtungi. Akiwa na bati na pipa atakinga mvua.

FundiPaa_Malindi

Mimi nilikuwa nimejiandaa kutetea makuti hapa. Ni baridi, hayapigi kelele mvua ikinyesha, na upepo hupenya kidogo katikati yake. Bati ni tanga: likipata upepo kwa chini halina pa kuupitishia. Lakini hoja ya maji inanishinda. Huko Gongoni na Mambrui kwenye mashamba ya chumvi kila mtu anajua ladha ya visima vyetu.

Basi kama ni bati, liwe bati la kufungwa hasa. Andikeni:

Paa liwe la pande nne, si la migongo miwili yenye pembe tatu za wazi mwishoni. Litakula mbao na kukata bati zaidi, fundi mvivu atalalamika, msimsikilize. Mwinamo uwe mkali kiasi, karibu nyuzi 30. Paa la kulala ndilo linalonyonywa zaidi. Lisichomoze nje ya ukuta zaidi ya futi moja na nusu hivi. Baraza mkiipenda ipewe paa lake la pembeni, peke yake, ili upepo ukiichukua usiondoke na nyumba.

Bati lisiwe jepesi mno. Wenye duka watawauzia geji 32 kwa sababu ni rahisi. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na hewa ya chumvi italitafuna upesi. Chukueni 30, mkiweza 28. Misumari ile yenye kofia, ipigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde. Ukingoni mwa paa pande zote na kwenye mapindo iwe karibu karibu, katikati mnaweza kuachanisha. Wengi hufanya kinyume, hurundika katikati na kusahau ukingo.

Halafu kila kombamoyo lipitishiwe mkanda wa chuma chini ya mtambaapanya, upande hadi upande, upigiliwe misumari kulia na kushoto. Mkikosa mkanda, waya mzito usokotwe mara mbili. Pembe nne za nyumba ziwekewe miti ya mshazari kwenye kuta, isiyumbe. Hii mikanda ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, nacho ndicho watu hukiacha.

Bwana_Mafia

Fundi, umemaliza. Hiyo ya ukingoni ningeipigia mstari mwekundu.

Ami_wa_Pate

Salamu kutoka Lamu. Miti mnatumia gani? Boriti za mkoko ndizo miti yenyewe, mchwa hawazigusi kwa urahisi na maji haziogopi. Huku kwetu ndiko kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini siku hizi hukati tu ukapakia. Lazima mkataji awe na leseni ya idara ya misitu, na mzigo uwe na kibali cha kusafirisha. Msinunue boriti za usiku kwa mtu wa mashua asiye na karatasi. Mtakamatwa nazo njiani, na harambee yote iishie kituoni.

Mkaazi_Mambrui

Shukrani ami. Boriti hapa ni ghali. Tumepata mtu wa Magarini anayekata mivinje shambani kwake, yuko tayari kutoa nguzo kwa nusu bei.

FundiPaa_Malindi

Mvinje sawa, sehemu kubwa ya Kilifi inajengwa kwa mvinje. Sharti muubandue magamba na muuache ukauke, msiuchimbie mbichi. Sehemu itakayoingia ardhini muipake oili chafu ya gari, mpandishe hadi futi moja juu ya ardhi, maana pale usawa wa ardhi ndipo unapooza, kama hizo mbili zilizooza. Shimo liwe futi mbili au zaidi, mpigilie mawe kuzunguka nguzo, si mchanga mtupu. Kwa nguzo za pembeni kama mna boriti nne tu za halali, zitieni hapo.

Mzee_Kakuyuni

Vijana, kumbukeni mpango wa kazi. Sasa ni masika. Mkikandika udongo leo hautakauka, utateremka wote. Simamisheni nguzo, pauweni, ezekeni kwanza. Mkishakuwa na paa, mnakandika taratibu chini ya kivuli. Mkono wa kwanza uachwe ukauke na kupasuka, ndipo mzibe kwa mkono wa pili wenye mchanga zaidi. Na chini kabisa kuzunguka nyumba wekeni mawe ya matumbawe kama futi moja, udongo uanzie juu ya hapo. Ule ukuta ulianguka kwa sababu maji yalirukia mguuni mwake, si kwa sababu ya upepo.

Nasi kwetu tuna mweria, kazi ya kusaidiana kwa pamoja. Mkipanga siku, mimi nitakuja na watu wangu kutoka Kakuyuni. Kazi yetu ni udongo, kupanda juu ya bati hapana, magoti yamegoma.

Mkaazi_Mambrui

Mzee wangu, karibu sana. Chai na mbaazi zitakuwapo.

Dada_Gongoni

Mbaazi na mahamri niachieni mimi na kina mama wenzangu. Lakini wanaume wasije kumi na wawili kushika nyundo mbili. Tuliona kwa jirani mwingine: nusu walikuwa kwenye kivuli wanatoa maoni.

Mtu_Mzima_Hadanganyiki

Mimi niulize la pesa. Mwaka wa mafuriko tulichanga hapa pwani kupitia kikundi fulani, hadi leo hatujaona hata msumari. Mwenye uzi sikujui. Nitajuaje hii si kazi ya kula?

Kusi_na_Kaskazi

Jamani, mtu amejitolea kumhifadhi bibi wa watu kwake, unamwita mla pesa?

Mkaazi_Mambrui

Muache, ana haki ya kuuliza. Ndiyo sababu sijaweka namba yangu hapa, na sitaiweka. Tumekubaliana hivi na mama, mzee wa mtaa na mwalimu mmoja wa watoto wake: orodha ya vifaa inapelekwa kwenye duka la vifaa, anayetaka kusaidia analipa dukani moja kwa moja kwa kitu anachokichagua. Duka linatoa risiti, nami naweka picha ya risiti hapa, namba za simu zikiwa zimefunikwa. Mzigo ukishuka, mama mwenyewe na mwalimu wanauhesabu. Pesa taslimu itakayohitajika ni nauli ya lori tu na chakula, na hiyo wanashika kina mama.

Asiye na pesa alete mti, fito, au nguvu zake.

Mtu_Mzima_Hadanganyiki

Hapo sawa. Niandikie kilo za misumari ya kofia na hiyo mikanda. Nitalipa zote.

Ughaibuni_Doha

Sisi huku tumejadiliana. Tutalipa mabati yote, geji 28, na mfereji wa paa na tangi. Nilitaka mawe lakini mama Shela amenifunga mdomo kwa haki. Tangi liwe la ukubwa gani?

Mwalimu_wa_Hesabu

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba hii kama paa lake litakuwa mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25, yaani usiku mmoja mzuri wa Mei, ni lita 1,000, toa kidogo inayoruka na kumwagika. Mei ndiyo mwezi wetu wenye mvua nyingi kuliko yote, kwa hiyo tangi la lita 1,000 litajaa na kumwagika mara nyingi. Mkipata la 2,000 au 3,000 lichukueni, maana kiangazi cha Januari na Februari ni kirefu. Limwekeeni jukwaa la mawe chini, lililosawazishwa. Tangi tupu nalo hupeperuka, lifungeni.

Na maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe pembeni kwanza, kwa sababu yanaosha vumbi, chumvi na mavi ya kunguru. Malindi kwa kunguru hatuna mpinzani.

Kusi_na_Kaskazi

Kunguru wamefika kwenye uzi 😂

Wakili_wa_Mtaa

Mwenye uzi, warithi wamesemaje?

Mkaazi_Mambrui

Nimeongea na mkubwa wao. Mwanzo alikuwa mkali, akadhani tunataka kuvamia. Nilipomweleza kuwa ni nyumba ileile, kipimo kilekile, ya miti na udongo na bati, alilegea. Alitaka tu ihakikishwe hatujengi ya mawe wala hatuongezi vyumba vya kupangisha. Karatasi imeandikwa kwa chifu, na mzee wa mtaa amesaini. Mama aliomba na moja zaidi: wasimpandishie kodi kwa sababu ya bati. Ameahidi, na tumeiandika.

Mama_Shela

Mama huyo ana akili kuliko uzi mzima huu.

Mama_Bandari

Na watoto? Nyumba itachukua muda. Wana vitabu, sare? Mimi nina sare mbili za shule ya msingi, mwanangu zimembana. Na kama bado hamjawasiliana na Msalaba Mwekundu pigeni 1199, ni bure. Wakiwa na turubai, mablanketi au vyandarua watawaambia. Mkiomba semeni idadi ya watu na kuna mzee asiyetembea.

Mkaazi_Mambrui

Asante dada. Sare za wawili zilipotea, hizo zitafaa. Chifu amekwishaandikisha familia, na turubai moja tumepata, ndilo limefunika vitu vyao.

*(Taarifa)* Wandugu, nguzo zimesimama. Mivinje ilifika Jumatano ikiwa imebanduliwa, boriti nne za pembeni tumenunua mjini kwa mwenye karatasi. Fundi wetu wa hapa uzini alikuja mwenyewe, akapanda, akatikisa kila kiungo na kukataa viwili, vijana wakavifungua na kuvifunga upya. Mabati yamepigwa jana na leo, na mvua imekuja saa kumi jioni kabla hatujamaliza upande wa bahari. Halikutikisika. Mama alileta ndoo akaiweka chini ya mfereji ambao bado haujaunganishwa na tangi!

Udongo ni Jumamosi, mzee wa Kakuyuni karibu na mweria wako. Kilichobaki ni mlango. Ule wa zamani ulipasuka, na tulioutafuta dukani bei yake inaumiza.

FundiPaa_Malindi

Vile viungo viwili niliwakatalia kwa sababu waya ulikuwa umezungushwa mara moja tu. Nitapita tena baada ya upepo wa kwanza mkubwa kukaza. Miti ya mvinje ikikauka inanywea, na vifungo vinalegea. Msidhani mkishafunga mmemaliza.

Ami_wa_Pate

Mlango ninao. Ni wa mbao ngumu, ulitoka kwenye nyumba yetu tulipokarabati, umekaa ghalani bure. Nitauvusha hadi Mokowe, basi la Malindi litaushusha barabarani kwenye njia panda yenu. Lakini nitajieni kipimo cha fremu kwanza nisije nikatuma mlango wa msikiti.

Mkaazi_Mambrui

Ami, fremu bado haijapigiliwa. Pima wewe mlango uniambie, sisi tutaifuata.

Ami_wa_Pate

Upana futi 3 kasoro inchi moja, urefu futi 6 na inchi 8. Bawaba zimo, komeo tafuteni.

Mtu_Mzima_Hadanganyiki

Komeo langu. Liongezeni kwenye ile orodha ya misumari.